Hiyo ni sheria ya Kanisa au ni mazoea tu? Namna ya kujua, na majibu ya maswali yanayowasumbua wengi

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa!

Kuna jambo linaniuma siku nyingi na leo nimeona niliandike lote. Wakatoliki wengi wamekaa mbali na sakramenti miaka na miaka sio kwa sababu Kanisa limewakataza, ila kuna mtu aliwaambia "hairuhusiwi" wakaamini na hawakuuliza tena. Mama anaacha kupokea komunyo kisa yuko kwenye siku zake. Kijana hajambatizisha mtoto kisa hana hela ya sherehe. Mzee anafia ndani bila mpako wa wagonjwa manake familia inaogopa padri akionekana getini mgonjwa atajua ndo anakufa. Na upande wa pili wapo wanaofanya vitu vilivyokatazwa kabisa, tena kwa amani, kwa sababu mbona kila mtu anafanya.

Kwahiyo kabla ya swali lolote jifunze kutenganisha vitu vitatu. Cha kwanza ni sheria ya Kanisa zima, hii iko kwenye Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yenye kanuni 1752, pamoja na maelekezo yaliyo mwanzoni mwa Misale ya altare (kitabu cha sala za Misa), na hii inambana Mkatoliki wa Mbinga sawasawa na wa Lubumbashi au Roma. Cha pili ni utaratibu wa baraza la maaskofu, jimbo au parokia: barua ya jumuiya (kikundi cha waamini wa mtaa wenu), semina ya wasimamizi, Jumamosi ya ubatizo, siku za kuandikisha ndoa. Huu hauko neno kwa neno kwenye kanuni lakini umewekwa na mwenye mamlaka, ufuate, na ukiwa na shida ya kweli unaweza kuombewa nafuu. Cha tatu ni mazoea na maneno ya watu, na hapa ndo kuna vurugu, sababu mwenye kusema anasema kwa sauti ya Kanisa wakati ni yeye tu na alivyosikia kwa shangazi yake.

Swali la kumuuliza padri ni fupi: "Baba, hili ni la Kanisa zima, la jimbo letu, au ni utaratibu wa parokia?" Muulize ofisini, au mpigie umuombe muda. Usimvizie sakristia anavua mavazi ya Misa ana watu kumi wanamsubiri awabarikie rozari, hapo utajibiwa haraka haraka na utaondoka na jibu nusu.

Kupokea komunyo

Tuanze na chai. Kanuni 919 inasema usile wala kunywa kitu kwa muda wa saa moja kabla ya kupokea Ekaristi, isipokuwa maji na dawa. Ni saa moja kabla ya KUPOKEA, sio kabla ya Misa kuanza. Chukulia Misa ya kwanza ya saa 12 asubuhi, mpaka masomo yaishe, padri ahubiri, sadaka itolewe, foleni ya komunyo inaanza saa 1 kasoro hivi, basi aliyemaliza uji wake saa 11 na nusu yuko salama kabisa. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi hata na hiyo saa moja, kwahiyo mama yangu mwenye kisukari asije akazimia kanisani kwa kuogopa kikombe cha chai.

Na bibi anayekwambia usile toka usiku hadanganyi, ndivyo alivyofundishwa. Zamani mfungo ulianzia saa 6 usiku na hata maji hapana. Mwaka 1953 Papa Pio XII akaruhusu maji, 1957 akapunguza ikawa muda wa saa tatu kabla ya kupokea, na 1964 Papa Paulo VI akaifanya saa moja. Bibi akitaka kuendelea na mfungo wake wa zamani ni heshima yake kwa Bwana, ila asimzuie mjukuu.

Kuhusu hedhi naomba niseme wazi sababu kinamama wanaona aibu kuuliza: hakuna katazo lolote. Hakuna kwenye kanuni, hakuna kwenye Misale, hakuna popote. Pwani yetu tunaishi na ndugu zetu Waislamu ambao wana utaratibu wao kuhusu swala na hedhi, na wengi wetu tumeubeba tu bila kujua tukadhani na kwetu uko. Hili swali sio geni, Papa Gregori Mkuu aliulizwa na Augustino wa Canterbury mwaka 601 hivi na jibu lake likawa mwanamke asikatazwe kuingia kanisani wala kupokea. Miaka zaidi ya 1,400 sasa! Binti, mama, nenda ukapokee. Nenda ukasome somo, nenda ukaimbe kwaya, nenda ukapambe altare.

Kinachozuia kweli ni dhambi ya mauti ambayo hujaiungama (kanuni 916). Na huku ndiko tunakolegea, mtu anahangaika na pipi aliyokula garini ila ana miaka miwili hajaingia kwenye kitubio na anapokea kila Dominika bila wasiwasi. Kama unaogopa paroko atatambua sauti yako nenda parokia nyingine, hakuna sheria inayokulazimisha kuungama kwenu, na padri akivunja siri ya maungamo kwa makusudi anatengwa na Kanisa papo hapo, hilo sio jambo la mchezo kwao.

Kupokea mara mbili kwa siku moja inaruhusiwa, mfano asubuhi ulikuwa kwenye Misa ya kawaida, mchana kuna harusi. Sharti ni hiyo mara ya pili iwe ndani ya Misa unayoshiriki, sio unapita tu mlangoni ukakuta foleni ukajiunga. Mara ya tatu hapana, isipokuwa uko kwenye hatari ya kufa. Mkononi au mdomoni? Pale inaporuhusiwa mkononi chaguo ni lako, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, unasema Amina, unakula hapohapo mbele ya padri, huondoki na hostia mkononi kurudi kwenye benchi. Hii ya kuondoka nayo ndo inawatia mapadri presha na wana haki. Na kama mnapokea kwa maumbo yote mawili usichovye mwenyewe kwenye kalisi, anachovya padri na anakuwekea mdomoni.

Suruali kwa wanawake, kitambaa kichwani? Sheria ya zamani ya 1917 iliwataka wanawake wafunike kichwa, ya 1983 haina kitu hicho. Bango la mavazi lililo mlangoni kwenu ni utaratibu wa parokia, lifuate tu, halikuumizi.

Misa ya Dominika: nimechelewa, niko safarini, kigango hakina padri

Utasikia "ukiwahi Injili umeisikia Misa" na mwingine "ukiwahi mageuzo (mkate na divai vinapogeuzwa) inatosha". Hakuna kanuni inayopanga dakika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema Liturujia ya Neno na Liturujia ya Ekaristi ni ibada moja isiyotengana, kwahiyo Misa ni toka mwanzo hadi baraka. Daladala imeharibika, mtoto ametapika, ingia tu umeshafanya uliloweza, tena pokea kama huna kizuizi. Lakini kama kila wiki unafika wakati wa mahubiri na nyumba yako iko mita mia mbili na kanisa, hilo unalijua mwenyewe.

Misa ya Jumamosi jioni inahesabika kuwa ya Dominika (kanuni 1248), hata kama ni ya harusi, na kanisa lolote la kikatoliki linafaa. Manesi, walinzi, madereva wa masafa, hii ni yenu. Misa ya kwenye TV au YouTube ni msaada mzuri kwa aliye kitandani, ila haichukui nafasi ya Misa kwa mtu mzima wa afya, na yule mgonjwa habanwi na sheria tayari, asijione ana deni.

Wale wa vigangoni ambako padri anafika mara moja kwa mwezi au hata kwa miezi, ile Ibada ya Neno inayoongozwa na katekista sio ibada ya daraja la pili ya kudharau. Hiyohiyo kanuni 1248 inasema kama hakuna padri inashauriwa sana mkusanyike kwa Liturujia ya Neno. Mnaobaki nyumbani kisa "leo hakuna Misa" mnapoteza.

Kwenye kwaya, makofi na vigelegele sina mengi. Wakati wa Majilio na Kwaresima hatuimbi Utukufu siku za Dominika, na Kwaresima Aleluya inakaa kimya kabisa, ala zinapigwa kusindikiza uimbaji tu, altare haiwekwi maua isipokuwa Dominika ya 4, sherehe na sikukuu. Matangazo yaje baada ya sala baada ya komunyo na yawe mafupi, na mnada wa jogoo na mikungu ya ndizi ufanyike Misa ikiisha. Kuhusu kucheza, mtu asikwambie kucheza ni kinyume na Ukatoliki wakati majimbo ya Kongo yana Misale yao iliyopitishwa na Roma mwaka 1988 ambamo mwendo wa kucheza kuzunguka altare umo ndani. Ila hiyo ni ya huko imepitishwa kwa ajili ya huko, kiongozi wa kwaya wa Morogoro hawezi kuamua mwenyewe Jumamosi kwenye mazoezi.

Kwaresima: nani anafunga, na kuku ni nyama?

Kuku ni nyama. Utumbo ni nyama, makongoro ni nyama. Samaki na dagaa ruksa, mayai na maziwa ruksa.

Sheria ina vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya. Kufunga ni kula mlo mmoja kamili kwa siku na vingine viwili vidogo, na kunabana siku mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye miaka 18 mpaka anapotimiza 59. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14 na hakuna mwisho, na kwa sheria ya Kanisa zima ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa zote isipokuwa iliyoangukia sherehe ya Kanisa, ila mabaraza ya maaskofu yana ruhusa ya kuweka toba nyingine mahali pake, kwahiyo sikiliza tangazo la Kwaresima la maaskofu wenu. Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa na mtu wa kazi nzito asijitese.

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari na Ramadhani ikaanza siku hizohizo, basi mitaani ikawa kulinganisha tu nani anafunga kweli. Usiingie huko. Unaweza kujiongezea mfungo kwa hiari, wengi wanafunga Kwaresima nzima na ni vizuri, ila usimwambie mwenzako kwamba ana dhambi kwa kula mchana wa Jumanne.

Majivu anaweza kupakwa yeyote, mtoto, katekumeni (anayejiandaa kubatizwa), hata jirani asiye Mkatoliki aliyekusindikiza, ni kisakramenti, yaani ishara takatifu ya Kanisa, sio sakramenti. Jumatano hiyo sio siku ya amri ya kusali Misa, kazini wakikunyima ruhusa hujatenda dhambi. Ijumaa Kuu hakuna Misa popote duniani, kuna ibada ya Mateso alasiri na komunyo inagawiwa humo.

Ubatizo wa mtoto

Kanuni 867 inataka wazazi wabatizishe mtoto ndani ya wiki za kwanza. Wiki jamani, sio akifikisha miaka mitano hela ya ukumbi ipatikane! Unachohitaji ni mzazi hata mmoja anayekubali, na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani (kanuni 868). Mama asiye na mume anaruhusiwa. Wazazi ambao hawajafunga ndoa mtoto wao anaweza kubatizwa, ingawa padri atawabana kuhusu ndoa yenu na ni kazi yake kuwabana, na kama hilo tumaini halipo anaweza kuahirisha. Kwahiyo ukienda ofisini nenda na jibu mkononi: nani atamfundisha mtoto kusali, jumuiya gani, msimamizi gani. Ukienda na bibi mzaa mama ambaye yuko jumuiya kila Jumamosi, mazungumzo yanabadilika.

Msimamizi: mmoja anatosha, wakiwa wawili wawe mwanaume na mwanamke. Awe ametimiza miaka 16, Mkatoliki mwenye kipaimara na komunyo, anayeishi kadiri ya imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Rafiki yako Mlutheri hawezi kuwa msimamizi ila anaweza kusimama kama shahidi pembeni ya msimamizi Mkatoliki. Watu wanachagua msimamizi kwa kuangalia gari lake, halafu fomu inafika kwa paroko inaonekana hana kipaimara, mnaanza kulaumu ofisi.

Jina: sheria inasema tu lisiwe kinyume na moyo wa Kikristo (kanuni 855). Neema, Baraka, Tumaini, Atukuzwe, jina la babu yako wa Kihaya au Kichaga, yote yanafaa. Kuongeza jina la mtakatifu ni desturi nzuri lakini sio sharti la ubatizo.

Hili lifuatalo likariri, manake halingojei ofisi kufunguliwa. Mtoto yuko wodini hali mbaya na padri hayupo: mtu yeyote anaweza kumbatiza, baba, nesi, hata asiye Mkristo, ilimradi anakusudia kufanya kile Kanisa linachofanya. Mimina maji ya kawaida kichwani mara tatu yatiririke huku ukisema: "(Jina), MIMI nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Ni mimi, sio sisi. Mwaka 2020 Roma ilitamka kwamba aliyebatizwa kwa "sisi tunakubatiza" hajabatizwa, ikabidi wengine warudiwe wote. Mtoto akipona nenda parokiani uandikishe jina lake kwenye kitabu, taratibu zilizobaki zitakamilishwa na maji hayarudiwi.

Ndoa, na hii habari ya uchumba sugu

Hapa nitakaa kidogo sababu ndo penye watu wengi waliosimama nje ya mlango.

Wanaishi pamoja, watoto watatu, wanapendana, wanasali, na hawapokei. Ukiuliza kwanini hamjafunga ndoa utaambiwa bajeti. Nisikilize vizuri: kinachofanya ndoa ni nyinyi wawili kukubaliana kwa hiari, bila kizuizi, mbele ya paroko au padri au shemasi aliyepewa ruhusa, na mashahidi wawili (kanuni 1108). Ukumbi haumo, emsii hayumo, keki haimo, sare za kamati hazimo. Hata shela haimo. Ndoa ya Jumanne asubuhi baada ya Misa ya saa 12 na mashahidi wawili ni sakramenti ileile kama ya Jumamosi yenye magari kumi. Kasherehekeeni siku mkipata.

Na kwenye gharama kuna kanuni 848: mhudumu asidai zaidi ya kiwango kilichowekwa na mamlaka, na ahakikishe maskini hakosi sakramenti kwa umaskini wake. Kama kweli huna, sema kweli huna.

Mahari kutokamilika nako hakubatilishi ndoa. Padri atataka kujua familia zinasemaje na ni busara, sababu anajua mgogoro ukilipuka utarudi kwake, ila ukoo wenye kinyongo cha ng'ombe wawili hauna uwezo wa kukufungia sakramenti milele. Mpelekee padri, wengine wamekaa na wazee mpaka kikaeleweka.

Hatua zenyewe. Nendeni jumuiya kwanza mwambieni mwenyekiti, mtapata barua. Tafuteni cheti KIPYA cha ubatizo kutoka parokia mliyobatizwa, kawaida kinatakiwa kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6, na sababu yake ni kwamba kile kitabu cha ubatizo ndicho kinachoandikwa kipaimara na ndoa yako, kwahiyo cheti kipya ndicho kinachoonyesha kama uko huru kuoa au kuolewa, cheti chako cha utotoni hakionyeshi. Ulibatizwa Peramiho na sasa uko Mwanza? Piga simu ofisi ya parokia ile, wape majina kamili, ya wazazi na mwaka, au tuma ndugu aliye karibu. Anza mapema sana, hapa ndo harusi nyingi zinakwama. Halafu mafundisho ya ndoa, halafu mahojiano na padri kila mmoja peke yake, jibu ukweli humo ndani hata kama ni aibu. Halafu matangazo. Serikali nayo Tanzania kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21, inaingia vizuri kwenye Dominika 3 za matangazo. Sheria hiyohiyo inaweza kuwachukulia kuwa mume na mke mkiishi pamoja miaka 2, ila hiyo ni ya mahakamani, mbele ya Kanisa bado hamjafunga ndoa.

Tarehe: Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu haifungwi ndoa kabisa. Kwaresima nzima haijakatazwa na sheria ya Kanisa zima lakini parokia zetu nyingi hazifungishi, huo ni utaratibu wa kuheshimu, na kwa wale wa kubariki ndoa kimyakimya bila sherehe muulize paroko, anaweza kukusaidia.

Unaoa Mlutheri au Mmoravian: inahitajika ruhusa ya askofu. Unaolewa na Muislamu: inahitajika kibali cha kuondolewa kizuizi, bila hicho ndoa haipo hata mkifunga mbele ya umati. Padri ndiye anayeandika kwa askofu, wewe Mkatoliki unaahidi kushika imani yako na kufanya uwezavyo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzako anajulishwa ahadi yako, halazimishwi kubadili dini. Nasisitiza hapo, sababu mabinti wengi wanaambiwa na mtaa kwamba njia ni moja tu, mmoja wenu aslimu au abatizwe kwa nguvu.

Ulifunga bomani tu au ulikuwa na ndoa nyingine huko nyuma? Usijihukumie mwenyewe. Mkatoliki aliyefunga bomani bila kibali cha Kanisa, ndoa hiyo kikanisa haina nguvu na mara nyingi inamalizwa kwa nyaraka. Iliyofungwa kanisani inakwenda mahakama ya Kanisa jimboni, na toka 2015 Papa Fransisko alifupisha njia, hukumu moja ya ubatili inatosha kama hakuna rufaa.

Na kuna kundi linaonewa sana: mama aliyeachwa, au aliyekimbia kipigo, anaishi peke yake na watoto wake. Huyu HAJAZUILIWA komunyo. Kuachwa sio dhambi yake. Kizuizi kinakuja kwa anayeishi na mtu mwingine kama mume na mke wakati ndoa ya kwanza bado ipo. Kama wewe ni mwenyekiti wa jumuiya na umekuwa ukimnyima huyu mama nafasi, mrudishe.

Mgonjwa na mazishi

Mpako wa wagonjwa ni wa mgonjwa, sio wa marehemu. Mwite padri mtu akiwa bado anaongea, anaweza kuungama, anaweza kumeza. Kabla ya upasuaji mkubwa unaruhusiwa, uzee mwenyewe unaruhusiwa, na hali ikizidi unarudiwa. Andaa meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, maji ya baraka na glasi ya maji ya kunywa. Zima redio. Kama amezimia mwite tu padri, na hata ikiwa mna shaka kama amekata roho au la, anaweza kumpaka (kanuni 1005).

Sasa hili la "hatazikwa na Kanisa". Kanuni 1184 inawataja wanaonyimwa maziko: walioasi imani au kujitenga na Kanisa waziwazi, waliochagua kuchomwa kwa kupinga imani ya ufufuko, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangekwaza waamini. Na wote hao ni endapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Kukiwa na shaka anaulizwa askofu. Hakuna mahali imeandikwa deni la zaka, wala kutoonekana jumuiya miezi sita. Ninajua viongozi wanatumia hilo kama fimbo ya kuwarudisha walegevu, nawaelewa walipochoka, lakini fimbo hiyo inampiga mjane na watoto, marehemu ameshaenda. Kama mzee wenu aliishi vibaya ila mwishoni aliomba padri aitwe, au alishika rozari akasali nanyi, mwambieni padri hivyohivyo, hiyo ni dalili ya toba na ina uzito kamili kisheria. Aliyejiua nae hayumo kwenye hiyo orodha, msimfiche wala msidanganye sababu ya kifo, ongeeni na padri.

Katekumeni aliyekufa kabla ya ubatizo anazikwa Kikatoliki kama mwamini mwingine. Mtoto mchanga ambaye wazazi walikusudia kumbatiza, askofu anaweza kuruhusu maziko ya Kanisa, ombeni, msimzike kimyakimya mkadhani Kanisa halimtambui.

Maziko sio lazima yawe na Misa. Siku kuu tatu za Pasaka (toka Alhamisi Kuu mpaka Dominika ya Pasaka) na Dominika za Majilio, Kwaresima na Pasaka Misa ya wafu ya mazishi hairuhusiwi, ila ibada ya maziko bila Misa inafanyika, na kwa ruhusa ya askofu katekista anaweza kuiongoza. Hivyo katekista akija kuzika msinung'unike kwamba marehemu amedharauliwa. Shambani kwenu panafaa pia, kaburi lenyewe linabarikiwa. Kuchoma maiti hakujakatazwa siku hizi, ingawa kuzika ndiko kunakopendekezwa, na majivu hayatawanywi baharini wala kugawanwa kwa ndugu kama vito, yanatunzwa mahali patakatifu (maelekezo ya Roma ya 2016), hii iwafikie hasa mlioko Ulaya na Marekani ambako ni kawaida.

Na wasifu wa marehemu msiuingize kwenye mahubiri, tafuteni nafasi nje ya Misa au mwishoni kadiri padri atakavyoelekeza.

Nia za Misa, na ukikataliwa ufanye nini

Unaweza kuombea Misa mtu yeyote, mzima au marehemu (kanuni 901), hata mjomba wako Muislamu. Kiwango cha sadaka kinapangwa na maaskofu, sio bei ya Misa, na mapadri wanahimizwa kuadhimisha kwa nia za waamini hasa maskini hata pasipo sadaka. Kawaida sadaka moja Misa moja. Pale maaskofu wanaporuhusu nia nyingi kukusanywa kwenye Misa moja, kwa utaratibu mpya wa Aprili 2025 ni lazima mtoaji aambiwe na akubali kwa hiari, kwahiyo ukitaka Misa ya nia yako peke yake, sema wakati unaandikisha.

Ukikataliwa sakramenti au maziko, omba sababu kwa upole na iandike. Kanuni 843 inasema wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti wanaoziomba kwa wakati ufaao, walioandaliwa vizuri na wasiozuiliwa na sheria, hivyo jiulize kwanza uko upande gani kwenye hayo matatu. Kama ni katekista au kiongozi wa jumuiya aliyekataa, nenda kwa paroko mwenyewe, kesi nyingi zinaishia hapo na padri hata hakuwa na habari. Kama ni paroko, kuna dekano (padri anayesimamia parokia kadhaa za jirani), na kuna ofisi ya jimbo: andika barua ya ukurasa mmoja, jina lako, parokia, ulichoomba, ulichojibiwa, tarehe, namba ya simu. Ipeleke kwa mkono ofisi ya askofu na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.